Namba Baada ya Kilio

"Hivi wewe mwenzangu, ukiongea na Mungu maneno yanateremka kama maji ya bomba, ukiongea na sisi unakwama. Sisi tumekukosea nini?"

Swali hilo mjane aliulizwa na jirani mwaka ule aliofiwa na mume, wakiwa uani wanaanua nguo, na jirani mwenyewe alicheka mpaka akadondosha vibanio. Hakuwa na nia mbaya. Ni kweli sala za mjane zilipenya ukutani kila alfajiri bila kugota popote, na ni kweli kwamba kumwomba jirani chumvi kungeweza kumchukua muda wa maji kuchemka. Mjane alitabasamu, akakunja shuka lake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo alipunguza hata yale maneno machache aliyokuwa nayo.

Kwenye wodi ya wazazi alikokuwa mhudumu walimwita Mama Kimya, wakidhani ni ucha Mungu tu. Aliitika kwa kichwa, alikataa kwa kidole, na ilipobidi kusema alikuwa na maneno yake mepesi yasiyomsumbua: haya, ndiyo, asante. Kigugumizi chake alikijua jirani yule, na kabla yake alikijua marehemu mumewe, fundi seremala. Mkewe akikwama, yeye aliendelea kupiga randa, hamtazami mdomo wala hamsaidii neno, mpaka neno litoke lenyewe.

Kisha akaja mtafiti, kijana anayeshinda na spika kubwa masikioni, na wauguzi wakambatiza Daktari Masikio. Kazi yake ilikuwa sauti. Alikusanya vilio vya watoto wachanga, kwa kuwa, alivyosema, ubongo wa mtoto ukiwa na shida kilio chake huweza kupanda juu na kuwa chembamba hata kabla mwili haujaonyesha dalili. Na mlangoni kwa ofisi yake alibandika tangazo la utafiti wake mwingine: anawatafuta watu wazima wenye kigugumizi waje wazungumze naye. Mama Kimya alifagia mbele ya tangazo lile kila asubuhi, na kila asubuhi aliinamisha uso.

Kati ya wahudumu wote, Daktari alimchagua yeye ashike kinasa sauti.

"Huyu mama mikono yake haitetemeki," alimwambia Sista, mkuu wa wodi. "Halafu hana maneno mengi, hataniharibia rekodi."

"Huyo? Huyo hata ukimkanyaga mguu atakushukuru," Sista akasema, wakacheka wote watatu, na Mama Kimya akiwemo.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Sista anapita kitanda kwa kitanda akiwatoboa watoto kisigino apate tone la damu la kipimo. Mama Kimya anamfuata na kinasa sauti, ambacho hakizimwi mpaka kitanda cha mwisho. Anasoma namba iliyo kwenye mkanda wa mkono wa mtoto, Sista anatoboa, mtoto analia. Namba kwanza, kilio baadaye. Namba alizisoma kwa mahadhi, kama anavyosali, na kwa mahadhi zilitoka. Miezi mitatu hakukosea hata moja.

Mpaka Jumanne. Siku hiyo Sista alikuwa na haraka zake. Kitanda cha kwanza, sitini na moja ilitoka salama. Kitanda cha pili, Mama Kimya alipovuta pumzi aanze, Sista akamkata: "Mama, leo hatuimbi, sema twende!"

Namba ikagoma kutoka. Sindano ikaingia, mtoto akalia, na sitini na mbili ikatoka kilio kikiwa kimeshapoa. Kitanda cha tatu ikawa hivyohivyo. Cha nne, cha mwisho, vilevile.

Lakini kile kilio cha kitanda cha tatu! Kilikuwa juu sana, chembamba, kama msumari unaokwaruza kioo, kikakatika ghafla, kikaanza tena. Nywele zilimsimama. Alimtazama Sista, na Sista alikuwa anabandika pamba. Alimtazama mama wa mtoto, binti mdogo, mzaliwa wake wa kwanza, na binti alikuwa anatabasamu. Mama Kimya akajiambia, Daktari atasikia, ndiyo kazi yake.

Mchana Daktari alimfuata korido, spika zikining'inia shingoni.

"Mama, huyu sitini na nne hakulia? Namba naisikia, kilio sikisikii."

Kueleza kungetaka maneno ishirini, tena magumu. Akatikisa kichwa chini na juu. Ndiyo, hakulia.

"Haya, tutamrudia kesho."

Uongo wenyewe mdogo, aliwaza, na usiku aliutubu pamoja na mengine.

Jumatano asubuhi alikuwa anapiga deki wodini Sista alipoingia na karatasi ya Daktari. "Sitini na mbili anabaki, anapelekwa kupimwa kichwa. Daktari hakupenda kilio chake. Sitini na moja na sitini na tatu, ruhusa."

Mama wa kitanda cha pili akaanza kulia. Binti wa kitanda cha tatu akaruka kutoka kitandani. "Mwanangu huyo, twende kwetu! Baba yake na gari yuko nje toka saa moja."

Mama Kimya alibaki ameegemea fimbo ya deki. Hakipendi kilio cha wa pili? Wa pili alilia kama watoto wote, kwa hasira na kwa kifua. Akahesabu kwa vidole: namba, kilio, kilio, namba, kilio, namba... Kidole cha tatu kikamfia mkononi. Daktari alisikia namba ya wa pili, kisha kile kilio cha kioo. Angejuaje kwamba namba ile ilikuwa mkia wa kilio kilichotangulia? Na cha wa nne amekipa wa tatu. Ndiyo maana wa nne akawa hana kilio.

Sista alikuwa ameshatoka. Mama Kimya aliacha deki, akamshika binti khanga aliyombebea mtoto.

"U-u-u-usi..."

"Usijali? Sijali, mama yangu, nimepona kabisa."

Alitikisa kichwa kwa nguvu. "M-m-m..."

"Mungu anibariki, amina! Na wewe pia. Kandambili nimechukua, usiwe na shaka." Binti alimkumbatia kwa mkono mmoja, akatoka na furushi lake, na mtoto amelala usingizi mnono, mashavu kama ya mtoto asiye na neno lolote.

Mama Kimya hakuwahi kukimbia kwenye korido ile. Siku hiyo alikimbia. Daktari alikuwa mezani, anakunywa chai huku akitazama michoro ya sauti kwenye kompyuta.

"S-s-s-si..."

"Sista ananiita?"

Hapana.

"Sindano? Sabuni imekwisha?" Akasimama, akachukua koti lake. "Basi ngoja nimwulize Sista mwenyewe, Mama, wewe umechoka."

Mama Kimya akaziba mlango ulio wazi kwa mwili wake. Nje injini ya gari iliwashwa. Akanyoosha mkono kwenye upande wa nje wa mlango, akabandua lile tangazo, akaliweka juu ya michoro ya Daktari. Akagusa neno kigugumizi kwa kidole. Kisha akajigusa kifua.

Daktari alilitazama tangazo, akamtazama yeye, akaketi taratibu. Uso ulimbadilika kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani yake ikiwa puani. Hakusema pole. Alichukua waya wa spika, akaanza kuukunja mzunguko kwa mzunguko, macho kwenye waya.

Mama Kimya akamwona marehemu mumewe na randa yake.

"Namba," alisema. Daktari alikunja waya. "Ni-ni-nilisema b-baada. Baada ya kilio. Jumanne. K-kuanzia wa pili." Jasho lilimtiririka shingoni. "Mgonjwa ni wa t... ni wa t..."

Waya uliisha. Daktari aliufungua, akaanza upya.

"Wa tatu."

Daktari alivaa spika, akabonyeza, akasikiliza. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akanyakua simu ya ukutani.

"Getini? Kuna gari lina mama na mtoto mchanga?"

"Ndilo hili nalifungulia, Daktari."

"Usifungue!"

"Mwenyewe anapiga honi, anasema nimemuonea mkewe..."

"Acha apige! Sogeza kizuizi, usitoke hapo!" Akakata simu. "Mama, ni Jumanne peke yake?"

"Jumanne tu. Na j-jibu langu la mchana. Nilikudanganya."

Daktari alitupia macho michoro ya miezi mitatu iliyojaa kwenye kioo cha kompyuta. "Hayo tutayaongea. Kwanza mtoto."

Walitoka kwenda getini, wakaishia wodini. Binti alikuwa ameshaingia wodini kama mvua ya mawe, mtoto kifuani, Sista nyuma yake hajui aanzie wapi.

"Nani amenifungia geti? Mmenipa karatasi, mmepiga muhuri, halafu mnanishika kama mwizi wa shuka!"

Daktari akamweleza, kwa upole, bila kuzungusha: vilio vilibadilishana namba, aliyestahili kubaki ni mwanawe, chumba cha kipimo kinamsubiri sasa hivi. Huenda si kitu. Huenda ni kitu kinachotibika kikiwahiwa. Sista alishika mdomo, kisha akaenda kuketi na mama wa kitanda cha pili.

"Vimebadilishana vipi?" binti akauliza. "Kwani namba alikuwa anasoma nani?"

Daktari alifungua kinywa. Mama Kimya akatangulia.

"Mimi."

Binti akamgeukia. Mkono uleule uliomkumbatia muda mfupi uliopita ulikuwa sasa umekaza khanga.

"Ulikuwepo anapolia. Ulimsikia mwanangu?"

"N-nilimsikia."

"Ukajua kilio chake hakiko sawa?"

Hapakuwa na neno jepesi la kujibu hilo. Alitafuta. Safari hii hakuna aliyemsaidia neno.

"Nilijua," alisema, na neno lilitoka lote, bila kukwama hata kidogo.

"Toka jana."

"Toka jana, mwanangu."

Mtoto aliamka. Akajinyoosha, akakunja uso, akalia, na kile kilio cha juu, chembamba, kikaijaza wodi mpaka kitanda cha mwisho. Binti alikisikiliza, labda kwa mara ya kwanza. Kisha akatua furushi lake chini, akamkumbatia mwanawe kwa mikono yote miwili, akampita Mama Kimya bila kumgusa, na akatoka kuelekea chumba cha kipimo.