Nusu ya Sindano

Jumanne ile, saa tisa kasoro robo alasiri, Mama Shughuli alipangusa vumbi kwenye cherehani, akafungua dirisha, akaweka kikombe cha chai upande wa kulia, kisha akaburuta tofali kutoka kona ya chumba na kuliweka karibu na kiti. Saa tisa ilipotimia Sindano aliingia kwa mlango wa uani, akavua viatu, akakaa, akalipakata tofali. Ilikuwa miezi kumi na moja tangu afariki. Kifo kilikuwa kimemfanya mwepesi mno, na wiki ya kwanza feni ya dari ilimsukuma mpaka akanasa kwenye mapazia, ndipo wakaona afadhali wawe na tofali.

"Vitambaa vya meza vingapi?" aliuliza.

"Arobaini. Vya Jumamosi."

"Shughuli ya nani?"

"Ya binti wa yule bibi harusi aliyesinzia."

"Usiniambie! Yule naye ana binti wa kuolewa? Tumezeeka, mwenzangu."

"Mimi ndiye niliyezeeka. Wewe umesimama palepale."

Walicheka mpaka sindano ya cherehani ikapotea njia. Bibi harusi huyo, miaka ishirini na sita iliyopita, alipitiwa na usingizi meza kuu mbele ya wageni mia tatu, na Sindano alipita nyuma yake na uzi mweupe, akashikiza shela kwenye mgongo wa kiti ili kichwa kisidondoke. Picha zilitoka nzuri ajabu. Mpaka leo familia ile inasifu jinsi mama yao alivyotulia siku ya harusi yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao kwa miaka thelathini na mmoja. Mama Shughuli alikuwa mdomo na Sindano alikuwa mikono. Mmoja alikwenda kuzungumza na wazazi, wapishi, wapiga muziki na majirani wasiotaka kelele. Mwingine alishona mapazia, vitambaa vya meza, vifuniko vya viti na mahema mawili makubwa ambayo mvua ilikuwa bado haijapata pa kuyapenya. Kila kilichobaki baada ya shughuli walikigawa katikati kwa mkasi uleule: utepe, maua, hata keki. Walizoea nusu kwa nusu kiasi kwamba haikuwajia akilini kuiandika mahali, kama vile mtu asivyoandika kwamba ana miguu miwili.

Walichokuwa nacho ni utepe wa kumbukumbu. Baada ya kila shughuli Sindano alikata kipande cha upana wa kidole kutoka kwenye kitambaa cha siku hiyo na kukiunganisha na vilivyotangulia, na Mama Shughuli ndiye aliyeshika ncha ya pili. Ulianza na shuka la maua ya bluu, maana posa ya kwanza waliyoisimamia hawakuwa na vitambaa vya meza, wakavua vitanda vyao wenyewe. Kikaja cha manjano cha ubatizo wa mapacha, kikaja cha kijani cha kustaafu kwa mwalimu mkuu aliyelia kabla hata hajakaribishwa kuzungumza. Mwishoni kilikuwapo kipande cheupe cha mazishi ya Sindano mwenyewe, ambayo Mama Shughuli aliyasimamia peke yake huku haoni vizuri kwa machozi. Kipande hicho alikishona Sindano siku ya tatu, aliporudi kazini, na hakuacha kusema kwamba viti vya wanawake vilipangwa juani.

Kando ya kaburi lile, Mama Shughuli alikuwa amemshika mkono binti wa Sindano, mpambaji waliyemlea ndani ya mikunjo ya mahema yao, akamwambia mbele ya watu, "Nusu ya mama yako ni yako." Alilisema kwa moyo wote. Kama angeulizwa wakati ule, angesema hakuna kitu rahisi duniani kuliko kulitimiza.

Kisha ukaja ukumbi mpya wa mji, wenye vioo mpaka dari, na barua ya meneja wake ikisema kuwa kuanzia mwezi huo ukumbi ungepokea wapangaji wa shughuli waliosajiliwa kama kampuni tu. Harusi ya Jumamosi ilikuwa humo, na kadi zilikwisha kwenda kwa wageni. Jumanne hiyo Mama Shughuli alimpigia simu mtoto wa kaka yake, wakili, wa kwanza katika ukoo wao kufanya kazi ya kuvaa tai. Alikuja jioni hiyohiyo na mkoba.

"Tutafungua kampuni ya dhima yenye kikomo, shangazi," alisema. "Kampuni ikianguka, inaanguka yenyewe. Haikuvuti wewe na nyumba yako."

"Na Sindano?"

"Naye pia haimvuti."

"Yeye nyumba yake haivutiki tena. Nauliza jina lake litakaa wapi?"

Wakili aligeuza kurasa. Sindano alikuwa palepale, anakunja pindo. Wakili alimsalimia kwa heshima, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, kisha akaeleza kwamba mwanahisa ni lazima awe hai siku ya kusajili, hilo halina mjadala.

"Basi nusu yangu mwandikeni mwanangu," Sindano akasema bila kuinua macho.

"Uliacha wosia, mama?"

"Ndio natoa sasa."

"Wosia hutolewa kabla."

"Nilikufa ghafla."

"Wengi hufanya hivyo," wakili alisema kwa huruma, akaandika kitu pembeni ya karatasi.

Mama Shughuli alikwenda kabatini, akaleta utepe wa kumbukumbu, akaukunjua mezani, ukashuka sakafuni, ukatoka mpaka barazani. Alimwonyesha wakili shuka la bluu, akamwonyesha mishono yote iliyoshikwa na watu wawili. Wakili aliupapasa, akakiri kwamba umependeza, akasema unaweza kutundikwa mapokezi ya kampuni, wateja wanapenda vitu vyenye historia. Ila ushahidi wa umiliki haukuwa.

"Mbona tusimwandike binti tu, tuachane na haya?" Mama Shughuli aliuliza.

"Shangazi, meneja wa ukumbi akiona mkurugenzi ni mfunga tepe, atatuona watu wa uchochoroni. Sheria inataka watu wawili. Tuweke jina langu kwanza, mambo yaende. Baadaye tutabadilisha."

Katika ukoo wao neno baadaye lilikuwa limemeza shamba moja, mashine ya kusaga na ng'ombe wanne, na Mama Shughuli alilijua hilo kuliko yeyote. Lakini huyu ndiye mtoto aliyeshonewa na Sindano suruali ya kwanza ya shule, na alipopanda jukwaani kuchukua shahada yake Mama Shughuli alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kumpinga mtoto uliyemshangilia hivyo ni kazi ngumu. Na Jumamosi ilikuwa siku nne tu mbele. Aliuliza mara moja, na hakuuliza tena. Usiku alijigeuza kitandani akijiambia kwamba angeuliza kesho, na kesho yake aliamka akafua vitambaa.

Jumatano wakaenda kwa msajili. Walitoka saa tisa na dakika tano, kwa kuwa Mama Shughuli hakutaka kwenda bila Sindano, na Sindano hakuwahi kufika kabla ya saa tisa. Ilikuwa ofisi ya kawaida, mabenchi ya mbao, kalenda ya mwaka uliopita na feni mbili zilizokuwa zikizunguka kwa nguvu. Mlinzi alilikataa tofali mlangoni, akasema vitu vya kurushwa haviruhusiwi ndani. Wakili akampakatisha Sindano faili zima la kampuni, katiba, fomu na nakala zake tatu tatu, na likatosha kumkalisha.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alimtazama Mama Shughuli, akamtazama wakili, akamtazama Sindano.

"Huyu ni marehemu?"

"Ndiyo," wakili akajibu.

"Ana maombi yake mwenyewe au amesindikiza?"

"Amesindikiza."

"Mngesema mapema. Kama ana maombi yake angekwenda dirisha la sita."

Alianza kupekua. Jina la kampuni lilikuwa sawa. Anwani ilikuwa sawa. Wanahisa wawili, nusu kwa nusu, Mama Shughuli na mtoto wa kaka yake. Hapo karani aligonga muhuri bila kusita. Kisha akasimamisha kalamu. Pale chini, sehemu ya shahidi wa sahihi, palikuwa patupu. Msaidizi wa ofisi ya wakili, aliyepaswa kushuhudia, alikuwa ametumwa mahakamani na simu yake haikupatikana.

"Bila shahidi siwezi kupokea," karani alisema. "Nafunga saa kumi. Kesho na keshokutwa tuna ukaguzi, hatupokei kitu. Rudini Jumatatu."

"Jumatatu harusi itakuwa imeshapita," Mama Shughuli alisema.

"Mtafuteni mtu mzima yeyote aliyewaona mkitia sahihi."

Mabenchi mengine yalikuwa matupu. Karani aliisoma fomu tena, polepole, kidole kikifuata mistari. "Hapa panataka jina, kazi na anwani," alisema. "Hapaulizi kama shahidi yuko hai. Mwanahisa tu ndiye anayeulizwa."

Wote watatu walimgeukia Sindano. Mama Shughuli alitaka kusema, hapana, twende zetu nyumbani, na maneno yalifika kabisa mdomoni. Sindano alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Alikuwa na uso aliokuwa nao kila walipokaribia kufungua milango ya ukumbi na kitu kimoja hakijakaa sawa.

"Yule bibi harusi wetu ameshasukwa nywele?" aliuliza.

"Anasukwa Ijumaa."

"Na kadi zimekwenda?"

"Zote."

"Shughuli haijawahi kuvunjika mikononi mwetu," Sindano alisema. "Lete kalamu."

Mama Shughuli alilishika faili kwa mikono miwili ili mwenzake asielee. Sindano aliandika jina lake taratibu, kwa mwandiko ule wa darasa la nne wenye vichwa vikubwa. Kwenye kazi aliandika mshonaji. Kwenye anwani alifikiri kidogo, akaandika makaburi ya zamani, safu ya saba, karibu na bomba. Karani alikausha wino kwa kupuliza, akauliza kama bomba hilo bado linatoa maji, akaambiwa linatoa asubuhi tu.

"Hongereni," alisema, na kuwapa cheti.

Njiani wakili alitangulia mbele na mkoba, akiongea na meneja wa ukumbi kwa simu. Mama Shughuli alitaka sana mwenzake amtukane, maana ulimi wake ndio uliompa lile jina, na katika miaka thelathini na mmoja hakukosa kumchoma kwa makosa madogo kuliko hili. Sindano alisema tu kwamba vitambaa kumi na viwili vilikuwa havijapindwa.

Jumamosi ukumbi ulipendeza. Meza arobaini zilikaa kwa mistari, vioo vikameta, na mama wa bibi harusi, akiwa macho kabisa safari hii, alizunguka akigusa vitambaa na kusema siku hizi hakuna watu wanaoshona namna hii. Wakili alisimama mlangoni amevaa suti, akigawa kadi mpya za kampuni. Sindano aliingia saa tisa kamili kwa mlango wa jikoni, akachukua kiti chake stoo, katikati ya makreti ya soda, akashika pindo la mwisho.

Binti wa Sindano alikuwa juu ya ngazi, anafunga utepe kwenye nguzo ya meza kuu. Alivaa fulana yenye jina la kampuni kifuani, kama waliyovaa wahudumu wote. Alipomwona Mama Shughuli anapita chini, alitoa pini mdomoni.

"Mama mkubwa, mama amekuja?"

"Yuko stoo, anamalizia."

"Na yale makaratasi ya kampuni? Mmeshayamaliza?"

Mama Shughuli alishika mguu wa ngazi ingawa haikuwa ikitikisika. Aliona aibu, aibu ya kutaka sakafu ile mpya ifunguke.

"Tumeyamaliza," alisema. "Mama yako ametia sahihi."

"Mama mwenyewe?" Uso wa binti ulichangamka wote. "Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Basi, ahsante, mama mkubwa," binti alisema. "Moyo wangu umetulia." Akarudisha pini mdomoni, akaendelea kufunga.