Dakika Kumi za Marehemu

Nilikuwa nikikaa mlangoni pa kiwanda cha kufua mashuka, penye kompyuta ya mahudhurio. Mfanyakazi anagusa kwa kidole, inaandika saa aliyofika. Ukipitisha saa mbili mara tatu, unaachishwa kazi.

Siku moja nililinganisha saa yake na ya mkononi mwangu, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Kompyuta ilikuwa nyuma dakika kumi. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa macho, nikairekebisha kama nilivyomwona karani akifanya. Ikarudi kulekule. Nikairekebisha tena, ikarudi. Pale ukutani kuna kisanduku kinapepesa taa. Nikasema huyu ndiye mchochezi, nikachomoa waya wake, nikairekebisha kompyuta mara ya tatu. Kompyuta ikatulia kama aliyetubu.

Wiki hiyo wifi yangu, mdogo wa marehemu, akaandikwa mchelewaji mara tatu.

"Wifi, nimewahi! Redio imesema saa mbili kasoro tano nikiwa hapo nje."

"Redio yako ina usingizi kama wewe," nilimjibu, watu wakacheka. Nikamwongezea na mahubiri juu.

Akapewa barua. Alipokuwa akivua aproni, akaingia fundi wa kompyuta, mwanamke wa haraka.

"Nani amezima wifi hapa?"

"Sijamzima mimi! Kajizima mwenyewe kwa kuchelewa!"

Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Mama, nasema kisanduku hiki. Kompyuta huulizia saa kupitia hapa, kwenye mashine zenye saa ya uhakika." Akachomeka waya. Tarakimu zikarudi nyuma dakika kumi, mbele ya macho yetu sote.

Nikatazama mkono wangu. Wifi akasema polepole, "Kaka aliiweka saa hiyo mbele asikose sala. Nilidhani unajua."

Miaka sita nimejisifia kuwahi.

Msimamizi akatoka ofisini. "Waya umechomoka? Panya hao."

Mungu anisamehe, niliwatazama hao panya kwa hamu. Wifi alikuwa ameshika barua yake.

"Panya ni mimi," nikasema, nikaeleza yote.

Barua ikachanwa, aproni ikafungwa tena. Mimi nikahamishiwa kwenye mapipa ya kuloweka, na ni haki. Zamani wifi alikuwa akipita ananitania, ananivuta kilemba. Sasa ananiamkia kwa adabu, kama mzee wa watu asiyemjua: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," naitikia, macho kwenye povu.