Viti Vitupu vya Ukumbi wa Kef

Ukumbi wa mji wetu wa Kef umejengwa kwa mawe, na msimu wa zeituni mawe hayo hutoa baridi kama kisima. Kwa hiyo kila mtazamaji huja na mto wake wa kukalia. Tamthilia ikimchosha, anaondoka nao. Ikimgusa, anauacha kitini, maana yake: kesho nitarudi. Bwana Nasir, mwangalizi wa ukumbi, huzunguka na taa yake watu wakishatoka. Akikuta mito, tamthilia inapata usiku wa pili. Akikuta viti vitupu, anabandua bango mlangoni. Wasomi waseme wanavyotaka, magazeti yaandike. Hapa Kef, mto ndio unaosema.

Nilijua hayo yote nilipoandika *Waliosimama*. Niliiandika kwa ushairi, tena kwa lugha yetu ya nyumbani, ile tunayogombania samaki nayo sokoni. Hakuna aliyenifundisha vina. Nilivisikiliza harusini na redioni mpaka vikaingia damuni. Ustadh Munji, aliyefundisha Kiarabu sanifu nusu ya mji huu, aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba shairi la lugha ya mtaani ni punda aliyevishwa nguo ya bibi harusi. Nikamjibu kwamba punda wangu atafika kabla ya farasi wake.

Tamthilia ilimhusu mama yangu, Mbarka, na wenzake wanaochuma zeituni. Kila alfajiri pikapu huwabeba kwenda mashambani wakiwa wima nyuma, wamebanana, kwa kuwa dereva anasema wakikaa watatosha wachache. Tena wakae wapi? Bati lenyewe ni barafu na matope.

Usiku wa kwanza, Alhamisi, mama hakuja. Pikapu iliwachelewesha, akafika nyumbani miguu imevimba.

"Nitakuja kesho, mwanangu," alisema. "Ijumaa tunarudi mapema. Nitakuja na wenzangu wote, tuone umetusengenya vipi."

Kesho hiyo ndiyo niliyoitaka kuliko sifa zote za dunia.

Na ukumbi ulijaa! Salwa, kiongozi wa kundi letu, ndiye aliyeigiza mchumaji mkuu. Mwishoni alisogea ukingoni mwa jukwaa akawakazia macho watazamaji, akasema polepole: "Ninyi mmeketi. Sisi tumesimama tangu alfajiri." Taa zikazimika. Kisha makofi, makofi ya kutikisa vumbi la dari. Nikamwona Ustadh Munji amesimama, anajifuta macho kwa ncha ya joho lake la burnusi.

Nikakimbilia nyuma kuwakumbatia waigizaji. Tuliporudi ukumbini, Bwana Nasir alikuwa katikati ya viti na taa yake. Hapakuwa na mto hata mmoja.

"Haiwezekani," Salwa alisema. "Walikuwa wanalia!"

"Hata kitunguu kinaliza, binti yangu," Nasir alijibu, naye hakupendezwa na maneno yake mwenyewe. "Mimi nafuata mito."

Akatoka, akabandua bango.

Salwa alijaribu kunishika mkono. Sikushikika. Mkabala na ukumbi kuna mkahawa, na watazamaji wote walikuwa humo, wanakunywa kahawa na kuteta vichwa vikiwa karibu karibu. Nilipoingia wakanyamaza, kama watoto waliokamatwa na sukari mdomoni.

"Ehe, mshairi," akaita Dalila, yule muuza mikate wa mtaa wetu. "Mbona uso kama umeramba pilipili ya harisa?"

"Maoni yenu nimeyaona," nikasema. "Sasa sikieni yangu."

Nikapanda juu ya kiti, nikawatupia ubeti palepale:

*Makofi mmeyapiga, mito mmeichukua,*
*Kwa sifa mmeniroga, kwa vitendo mwaniua,*
*Kama mmeshikwa woga, ukweli kuutambua,*
*Punda wangu hatakwama, njia ameshaijua.*

Nilingoja wanirushie vikombe. Badala yake Dalila alifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

"Mwacheni," alisema. "Anapendeza akikasirika."

"Ustadh!" nikageukia meza ya pembeni. "Ulisimama ukapiga makofi. Mto wako wa mahameli uko wapi?"

Ustadh Munji alikunywa kahawa yake yote bila haraka.

"Maoni yangu siyatoi mkahawani," alisema. "Kalale, kijana. Kesho msindikize mama yako kama kawaida yako."

Sikulala. Nilijigeuza kitandani nikitafuta maneno ya kumwambia mama kwamba hakuna kesho.

Alfajiri nilimbebea kapu lake la mkate na zeituni, nikaufunga mdomo wangu. Tulipokata kona ya kituo cha pikapu, mama alisimama ghafla.

"Wajdi, kuna msiba?"

Nusu ya mji ilikuwa pale, imejifunika maburnusi na mablanketi, inapumua mvuke. Na nyuma ya pikapu, juu ya lile bati, mito ilikuwa imetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta: ya pamba, ya sufu, ya maua, mingine niliyoijua tangu utotoni. Dalila alikuwa juu ya gari anaipanga kama mikate.

"Panda, Bi Mbarka," alisema. "Keti. Hapa karibu na kichwa cha gari hakuna upepo."

Dereva alikuwa anarusha mikono. "Wakikaa hawatoshi! Nani atanilipia?"

"Nenda, rudi, chukua waliobaki," Dalila alimwambia. "Au tukae sisi barabarani, tuone nani ana haraka."

Watu wakajipanga mbele ya gari. Dereva alitazama nyuso zile, akatema mate pembeni, akawasha injini. "Safari mbili," akanung'unika.

Mama alipanda. Alikaa. Nimemwona mama akipanda pikapu ile miaka mingi, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiketi humo. Aliupapasa mto chini yake kwa kiganja. Ulikuwa wa mahameli ya kijani.

Ustadh Munji alisimama kando yangu.

"Salwa alisema wachumaji wamesimama tangu alfajiri," alisema. "Tungeiachaje mito kwenye viti vitupu? Hayo ndiyo maoni yangu. La pili: jana umeniita mwoga, na kwenye mstari wa mwisho kina cha kati kimekuponyoka."

"Ilikuwa hasira, Ustadh."

"Najua. Punda wako amekimbia mno." Akanipa mkono. "Lakini amefika."

Nilimtafuta Bwana Nasir. Alikuwa ukutani, na bango langu limekunjwa kwapani.

"Mito imesema," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nakwenda kulibandika."

Jioni ile pikapu haikusimama kituoni. Ilikuja moja kwa moja hadi mlango wa ukumbi ikipiga honi, ikaenda, ikarudi na waliobaki. Wachumaji waliingia na viatu vya matope, kila mmoja na mto kifuani, unanuka zeituni. Wakaiweka kwenye viti, wakakaa. Wenye mito walisimama kuzunguka kuta, tamthilia nzima, na hakuna aliyelalamika.

Mwishoni Salwa alisogea ukingoni mwa jukwaa. Akafungua mdomo, akaona nani amekaa na nani amesimama, maneno yakamkauka. Nilimtazama kutoka pembeni ya pazia.

"Sema tu, binti yangu!" mama akapaza sauti kutoka safu ya mbele. "Tunakusikia vizuri. Leo tumeketi!"

Ukumbi ulilipuka. Sijasikia tena kelele kama ile: vigelegele, miguu, viganja ukutani. Salwa aliinama akicheka na kulia. Wakaniita jukwaani kwa jina langu, na mimi, mwana wa Mbarka mchuma zeituni, nilitoka kichwa juu.

Watu walipotoka, mito ilibaki, kiti baada ya kiti, hadi safu ya nyuma kabisa.

"Mama," nilimnong'oneza mlangoni, "ule wa kijani ni wa Ustadh."

"Ulikuwa wake," alisema. "Kesho nataka mahali pale pale."