Bukta ya Faru

Kwa miaka thelathini, fundi cherehani mzee aliapa kwamba Faru, mwanamieleka aliyemshonea bukta kwa mkono wake mwenyewe, alishindwa kwa sababu ya refa mbovu. Mtaa mzima ulishaichoka hadithi hiyo.

Mjukuu wake wa kike alikuwa akichambua mapambano ya zamani ya televisheni na kuyapa nyota mtandaoni, na leo alikuwa amefika kwenye pambano hilohilo. Babu alivuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mwangalie refa! Umemwona?"

"Refa wa watu hajafanya kitu, babu. Ngoja nirudishe nyuma."

Akairudisha picha, akaipeleka polepole. Faru alimnyanyua mpinzani, akambwaga, na hapohapo mshono wa bukta ukafumuka nyuma. Kuanzia hapo Faru alipigana kwa mkono mmoja, wa pili umeshika nguo.

Fundi akasogeza kiti nyuma. "Televisheni yetu ilikuwa ndogo."

"Mshono wa nani huo, babu?"

"Uzi wa siku zile ulikuwa wa ovyo."

"Mara refa, mara uzi!" Mjukuu akacheka mpaka akashika mbavu. "Sasa niandike nini? Watu wanasubiri."

Mzee akakuna kidevu.

"Andika mshono ni wangu," akasema. "Yule refa nimemsema vya kutosha. Ila andika pia kwamba Faru alikaa ulingoni dakika kumi na mbili kwa mkono mmoja. Mpe nyota zote."

"Na fundi?"

"Fundi mpe moja. Kiunoni bukta ilimkaa vizuri."