Kuta za Mama

“Kuta mmezipeleka wapi?”

Mama alikuwa amesimama katikati ya korido, mikono mbele, kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Haoni tangu ujana wake, lakini nyumbani kwetu hakuwahi kupapasa. Aligonga ulimi tu, ta, ta, mwangwi ukamwonyesha mlango uko wapi na kona iko wapi. Sasa aligonga, akagonga tena. Kimya.

Kuta zilikuwepo. Tulikuwa tumezivika sponji.

Ilikuwa kwa ajili ya binti yangu. Masikio yake hayachuji sauti; kijiko kikianguka kwenye vigae, kwake ni paa limeporomoka. Alipiga mayowe mpaka koo likamkauka, akajigonga kichwa sakafuni, nikimkumbatia ananing’ata. Jamani, nilichoka. Nilifika mahali nikaomba nisiamke. Ndipo kaka yangu, fundi wa makochi, akaja na sponji na vitambaa vizito.

“Dada, nyumba nzima naigeuza kochi,” akacheka.

Akavika chumba cha mtoto, sebule, korido, mpaka dari. Jioni ile binti yangu alisinzia mwenyewe, bila vita. Nililia kwa furaha. Kesho yake ndipo Mama akaulizia kuta.

“Nabandua korido sasa hivi,” nikamwambia. Nikang’oa kipande kirefu. Mama akagonga ulimi, uso ukamchangamka. Papo hapo chumbani kwa mtoto mayowe yakaanza.

“Rudisha,” Mama akasema.

“Mama, wewe utapitaje?”

“Mimi mtu mzima. Rudisha, mwanangu.”

Tangu hapo akawa wa kushikwa mkono, yeye aliyenikimbiza nyumba nzima nilipokuwa mtundu. Alishinda kitini. Ukimuuliza, hajambo, hana neno. Ila alipenda sana kuoga. Asubuhi nimpeleke bafuni, mchana tena, na akiingia hatoki. Nikadhani ni joto.

Siku moja nikapita karibu na mlango ule. Maji hayakuwa yakimwagika. Bafu, kule mwisho wa nyumba, ndicho chumba pekee ambacho kaka hakukivika, kwa sababu ya unyevu. Ndani nikasikia ta, ta. Kisha tena, ta.

Nikakaa chini hapo hapo, nimejiziba mdomo kwa kanga.

Baadaye akaita nimtoe. Nikamjibu asubiri kidogo, nina kazi mikononi. Sikuwa na kazi yoyote.