Bibi Harusi Aliyefuata Mtindi

Pale kijijini Devalpara unaweza kuuza maziwa, ukauza siagi, ukauza samli, hata nyati mwenyewe ukamuuza akiwa na mimba, na hakuna atakayekusema. Lakini mtindi, yale maziwa mepesi machachu yanayobaki chunguni siagi ikishatolewa, huo hauuzwi. Mwenye nyati humgawia asiye na nyati. Na mwenye kuutaka haombi kwa mdomo. Huja asubuhi kana kwamba amepita kusalimia tu, mtungi wake mdogo wa shaba kauficha chini ya ushungi, akakaa, akaongea ya dunia na ya majirani, mpaka mwenye nyumba amwambie, "Haya, kitoe hicho ulichokificha."

Tangu aletwe kijijini akiwa mwali, Santokben ndiye aliyekuwa akisema maneno hayo. Mtindi wake ulikuwa mzito wa kiasi, mchachu wa kiasi, na juu yake vilielea vichembe vya siagi alivyoviacha makusudi. Asubuhi baraza lake lilijaa wanawake kama mkeka uliomwagwa mtama mbele ya kuku. Yeye alikaa penye nguzo, chungu mbele yake, akivuta kamba ya mti wa kupekechea huku na huku, na masikio yake yakipokea. Habari alizipenda kama paka apendavyo utando wa maziwa. Mwanawe na mkwewe walikuwa mjini Surat wanachonga almasi, wanapiga simu sikukuu kwa sikukuu, lakini upweke hakuujua. Ataujua saa ngapi, na jirani Jasu amekaa pale anaeleza jinsi wifi yake alivyoungua?

Halafu Diwaliben wa ng'ambo ya kichochoro akanunuliwa na mwanawe mashine ya umeme ya kupekechea. Hakikupita hata kiangazi kimoja, wanawake wote wakahamia huko.

Santokben akabaki na chungu kimejaa mtindi na baraza tupu. Mumewe, Raghavji, siku za mwanzo alishukuru Mungu kwa kimya kile. Baadaye akachoka, maana habari zote ambazo mkewe angewaambia wanawake sasa alikuwa anaambiwa yeye.

"Mtindi wa Diwali ni maji!" Santokben alifoka. "Nimeuona kwa macho yangu, Jasu alipita nao. Unaona kitako cha mtungi! Maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali! Kwa nini wanaufuata?"

"Kawaulize," akasema Raghavji, akageuza upande wa pili wa gazeti.

Kuuliza! Mgawaji wa mtindi akaulize kwa nini hafuatwi? Angekufa kwanza. Lakini neno lile lilimkaa kichwani, na usiku kucha akalipekecha mpaka likatoa siagi. Hapo kijijini mwali mgeni hufunika uso mzima mbele ya wakubwa wa upande wa mume, haonekani hata pua, na akisema husema kwa kunong'ona. Nani atamfunua mwali?

Asubuhi akatoa sandukuni sari nyekundu aliyoiacha mkwewe, akajitanda mpaka kidevuni, akakunja mgongo kwa haya, mtungi kwapani, akavuka kichochoro kwa hatua fupifupi. Raghavji alimtazama akipita, akainua gazeti likamfunika uso. Kuna mambo mume mwenye busara hayaulizi.

Uani kwa Diwaliben mashine ilikuwa inanguruma kama lori lililokwama kwenye mchanga. Wanawake walikaa mstari ukutani, vichwa pamoja, wanasemezana. Mwali akajibanza mwishoni, akatega sikio.

Kwanza akasikia malalamiko, roho ikamtulia.

"Jana mume wangu kaisukuma sahani," Jasu alisema. "Ananiambia, huu ni mchuzi wa mtindi au maji ya kunawia? Nimetia unga wa dengu, nimetia tangawizi, sukari guru, nikaukaangia uwatu na bizari kwa samli. Nimeukoroga usije ukakatika, mpaka mkono ukafa ganzi. Bado unakimbia kwenye wali kama umechelewa gari!"

"Wa kwangu tumbo limemvuruga," akadakia Puriben, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta hata akinong'ona. "Enzi za mtindi wa Santok, mzee akitoka shambani jua la mwezi wa Vaishakh, kiangazi chenyewe, linamchoma utosi, nampa glasi mbili na chumvi na bizari ya kukaanga, anapoa, tumbo linatulia, analala kama mtoto. Sasa anakunywa hiki, anapiga mbweu tu."

"Turudi basi kwa Santok," akasema mwingine.

Chini ya ushungi moyo wa Santokben ukaruka.

"Urudi wewe!" Puriben akacheka. "Mimi nilisema barazani kwake kwamba mchumba wa Bhuj kamkataa mwanangu Valji kwa sababu ya meno. Nimefika kisimani, kisima kinajua. Hekaluni nako, kuhani ananipa pole ya meno! Mtindi wa Santok ni bure, mwenzangu, ila unaulipia kwa siri zako."

"Na huwezi kuondoka mapema," akasema Jasu. "Ukitangulia kuinuka, wewe ndiwe habari inayofuata."

"Hapa je?" akasema Puriben. " Diwali ni kiziwi kama nguzo, maskini. Unaongea, unatua mzigo, unaondoka mwepesi. Mtindi maji, lakini roho safi."

Santokben alihisi joto la sari ile kama tanuri. Kiziwi! Uziwi ule aliujua siku zote, ila hakuwahi kuupigia hesabu. Kwa hiyo hakuzidiwa na mashine. Kazidiwa na masikio mabovu! Alitaka kuinuka ajitetee, akakumbuka yeye ni mwali, akanywea. Na kabla hajajua la kufanya, foleni ikawa imefika kwake. Diwaliben, mkavu kama ufito, kata mkononi, akainama juu ya mtungi wake.

"Mgeni huyu! Wewe mwali wa nyumba gani?"

Hilo hakuwa amelipanga. Akanong'ona jina la kwanza lililomjia, chini ya mngurumo wote ule, kwa sauti ya mbu aliyeishiwa damu: "Wa kwa Valji."

"Wa kwa Valji!" Diwaliben akatangaza uani kote.

Puriben akageuka polepole, mwili wote, kama nyati anavyogeuka zizini.

"Valji yupi?"

Mwali akazidi kujikunja ndani ya sari.

"Devalpara Valji ni mmoja, na mama yake ni mimi. Mwanangu hajaoa! Miaka namtafutia mke, nimekwenda mpaka Bhuj, nimefunga Jumatatu kwa Jumatatu. Halafu mke mwenyewe yupo hapa kwenye foleni ya mtindi?" Akashika kichwa. "Jamani, asitoke mtu! Fungeni lango! Mungu kaniletea, sitauliza katokea wapi!"

Hapo umeme ukakatika. Mashine ikakohoa, ikafa, na katika utulivu ule Jasu aliutazama mkono wa mwali ulioshika mtungi. Ngozi ilikuwa na makunyanzi, na kwenye kifundo alichanjwa nge wa kijani, mkia umepinda kushoto kwa sababu mchanjaji alipiga chafya. Kijiji kizima kilikijua kisa cha nge yule, kwa kuwa mwenyewe alikisimulia kila mwaka.

Jasu akamfinya Puriben. Puriben akatazama. Macho yakamtoka, kisha uso wake ukakunjuka taratibu, ukawa wa furaha ya kishetani.

"Mkwe wangu," alisema kwa sauti tamu, "umeme umekatika, na siagi ya chungu cha pili bado haijatoka. Nyumba yetu haina mwali mvivu. Hebu mpekechee mama mkubwa wako hapa."

Wakaleta chungu, mti na kamba, wakamkalisha mwali penye nguzo. Na kwa kuwa hakuna harusi bila nyimbo, wakapiga makofi, wakaanza kumwimbia zile za kumkejeli bibi harusi:

"Mwali kaja na mtungi, mahari yake masikio!"

"Mwali wetu mchanga, mvi zimemtangulia!"

"Ana nge mkononi, lakini sumu i ulimini!"

Santokben aliivuta kamba. Afanye nini? Kulia, kushoto, kulia, kushoto, mikono yake ikajiendea yenyewe kama zamani, na wanawake wakasikia ule mlio, wa maziwa yanayoanza kuwa mazito, ambao mashine haikuwahi kuutoa. Makofi yakapungua. Mmoja akameza mate.

Kichwa cha Santokben nacho kilikuwa kinapekecha. Kitu kimoja kilimkera tangu umeme ulipokatika. Alisema "wa kwa Valji" kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia, chini ya mashine inayonguruma. Jasu aliyekuwa karibu hakusikia. Puriben hakusikia.

Kiziwi alisikia.

Diwaliben akaja kutoa siagi. Wakainama wawili juu ya chungu, ushungi ukawafunika.

"Diwali," mwali akanong'ona, "masikio yako ni mazima kuliko ya sungura."

"Eeh?" akasema Diwaliben kwa nguvu.

"Usinipigie eeh mimi. Umenisikia chini ya mashine."

Mkono wa Diwaliben ukaganda ndani ya siagi. Midomo bila kutikisika, akasema, "Unataka nini?"

"Baraza langu."

"Na ukinitangaza?"

"Nikikutangaza, kwako hawaji tena na kwangu hawarudi. Tutakaa mimi na wewe kila mmoja na chungu chake, tukitazamana ng'ambo ya kichochoro kama mwanga na mganga. Ni hivi. Leta maziwa yako kwangu, nipekeche yote. Wewe kaa pale, uendelee na uziwi wako."

"Na ulimi wako?"

Santokben akavuta kamba mara kadhaa kabla ya kujibu. Hilo ndilo lilikuwa gumu. "Nitautafutia komeo," akasema.

Diwaliben akainuka na donge la siagi mkononi, jeupe kama jino la mtoto, akapaza sauti kama viziwi wanavyopaza. "Mashine hii siitaki tena! Umeme hauaminiki! Kuanzia kesho maziwa yangu napeleka kwa huyu mwali, apekeche yeye! Nami nitakaa naye pale!"

"Mwali gani?" akauliza Puriben, kicheko kimemjaa kooni.

Santokben akaufunua uso. Jasho lilikuwa limemtiririka, wanja umeshuka mashavuni. Uani ukavunjika kwa vicheko. Puriben alicheka mpaka akashikilia ukuta.

"Mkwe wangu, nakukataa! Valji ana meno mabaya, lakini hajakosa kiasi hicho!"

"Na mimi nakukataa mama mkwe," Santokben akajibu. "Unazungumza sana."

Wakacheka tena. Lakini Puriben alipopangusa machozi, akauinua mtungi wake, ukajazwa, akaonja. Akavitafuna vichembe vya siagi kimoja kimoja. Santokben alimtazama akimeza, kwa makini kuliko alivyowahi kumtazama mganga akisoma nyota.

"Tunarudi," Puriben akasema mwishowe. "Kwa ajili ya tumbo la mzee tu. Lakini Santok, neno langu moja likifika kisimani kabla yangu, ninabeba mtungi wangu na wanawake wote wananifuata."

Na kweli wakarudi. Asubuhi iliyofuata hapakuwa na pa kuweka mguu barazani. Siri zikamwagika: nani anaficha pesa za mume, mkwe wa nani analia chooni, nani kapika maandazi ya dengu akayaumua kwa mtindi mpaka yakavimba kumpita mwenyewe. Diwaliben alikaa katikati akitabasamu kama sanamu, mara kwa mara akisema "Eeh?" Na Santokben alivuta kamba. Kila ulimi ulipomwasha, alipiga funda la mtindi akalishikilia mashavuni mpaka mwasho upite.

"Santokben, mbona umevimba mashavu?" akauliza Jasu.

Santokben akatikisa kichwa na kuelekeza kidole kwenye chungu.

"Mwacheni," akasema Puriben. "Mtindi ni dawa. Tazameni, hata rangi imemrudi."

Mitungi ilipokwisha kujaa wanawake wakaondoka, kila mmoja kwa saa aliyotaka. Diwaliben akabaki nyuma, eti asaidie kuosha chungu. Hapo ndipo Santokben alipomeza funda la mwisho, wakavuta mkeka, wakaanza.

"Umemsikia yule alivyosema kuhusu pesa?"

"Nimesikia! Na ulimwona dada mtu alivyogeuka?"

Chungu hakikuoshwa mpaka jua likapita utosi. Walipoinua macho, Raghavji alikuwa amesimama mlangoni na gazeti lake mkononi, akimtazama Diwaliben.

"Huyu," alisema polepole, "si ndiye kiziwi?"

Wanawake wale wakatazamana. Kisha Santokben akainuka, akachukua glasi kubwa kuliko zote ndani ya nyumba, akaijaza mtindi ule mzito wa chini, akatia chumvi na bizari ya kukaanga, akachota donge zima la siagi akaliangusha juu, akampelekea mumewe kwa mikono miwili kama mwali siku ya kwanza.

"Kunywa, baba watoto," alisema. "Na usimeze haraka."