Fundi Aliyeziba kwa Maboksi

Joto la Makorora mwezi wa pili halina adabu. Linaingia bila hodi, linakaa kitako, na likishakaa haliagi. Bi Fakhria, mwanamke wa miaka sitini na minane, alikuwa amekaa nalo chumba kimoja tangu mumewe, Bwana Ghadir, alipozikwa. Alikuwa eda: miezi minne na siku kumi asitoke nje, asijipambe, asionane na wanaume wasio maharimu zake. Miezi miwili ilikuwa imepita, na presha ilikuwa imempanda mara tatu. Daktari alisema waziwazi kwamba mama huyu akiendelea kupikwa hivi, huenda eda asiimalize.

Kuhamishwa hakutaka hata kusikia. "Eda yangu nitaimalizia nyumbani kwa mume wangu," alisema. "Anayetaka kunitoa aje na machela." Basi wanawe wawili wakaamua kumwekea kiyoyozi. Yazid, aliyeko Maskat, ndiye mwenye fedha. Tuhfa, mwalimu wa shule huko Pongwe, ndiye anayeishi na mama, kwa hiyo ndiye mwenye shughuli. Na Yazid, kama walivyo watoto wengi walio mbali, alipenda kwa jumla.

"Mashine kubwa kabisa! Ya BTU elfu ishirini na nne!" alipiga kelele kwenye simu. "Dari ya jipsamu, na yale matundu ya mbele yazibwe yote, ubaridi usitoroke. Hata ikifika milioni nne. Ng'ombe haelemewi na nunduye!"

Bi Fakhria alimshukuru, akamwombea dua, akanyamaza. Na wanaomjua wanajua kwamba kunyamaza si kazi yake.

Yale matundu, jamani! Yalikuwa mstari mmoja wa vitundu vya hewa juu ya dirisha la chumba chake, yakitazama uchochoroni. Tangu aingie eda, mtaa mzima ulimpitia humo. "Shikamoo, Bi Fakhria!" Naye huku ndani, "Marahaba, Uweso! Mbaazi zako leo zimeungua, usinifiche, nasikia harufu." Alijua nani kaposwa, nani kanuna, nani karudi kutoka Pemba na mimba. Lakini mtoto anakutolea milioni nne akuokoe roho, utamwambiaje kwamba wewe wataka matundu? Aliona haya. Usiku alimwomba Mungu ampe moyo wa kupokea wema wa wanawe.

Fundi ilibidi awe mwanamke, kwa ajili ya eda. Tuhfa aliuliza huku na huku mpaka akaelekezwa kwa Kristina, Mbondei mmoja wa hukohuko Pongwe, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana na maneno machache. Alikuja na mkoba wa vifaa begani, akavua viatu mlangoni, akaketi chini mkekani kwanza. "Shikamoo, Bibi. Pole sana na msiba." Hakugusa futi ya kupimia mpaka alipomaliza kikombe cha kahawa. Bi Fakhria alimpenda hapohapo.

Kisha akaanza maswali, na maswali yake hayakuwa ya dukani. Jua linapiga ukuta gani? Bibi analala saa ngapi mchana? Asubuhi anakaa wapi? Umeme wa luku wa mwezi unakwisha tarehe ngapi? Alipima chumba urefu, upana na kimo, akapanda ngazi akachungulia darini, akaandika kila kitu kwenye daftari. Tuhfa akamwonyesha hesabu ya Yazid: mashine, dari, nyaya, mabomba, na ufundi laki tatu na nusu.

Kristina aliisoma polepole. "Kabla hamjanunua chochote," alisema, "nipeni maboksi na gundi ya karatasi. Nitaziba matundu kwa majaribio, niache kipimajoto ukutani. Kesho asubuhi nakuja kusoma. Mashine ni ghali, boksi ni la bure."

"Kila mteja unamfanyia hivi?" Tuhfa aliuliza.

"Kila mteja. Ukuta ukishatobolewa haurudi."

Akaziba. Kazi ya maboksi tu, lakini aliikata kwa kisu kwa vipimo, kila tundu na kipande chake, hata mwanga haukupenya. Akaaga, akaenda zake.

Asubuhi Tuhfa aliondoka mapema kwenda shule. Bi Fakhria akawasha feni, akakaa na uji wake, akasubiri. Hapakuwa na sauti. Alisubiri Uweso na mbaazi zake, kimya. Akasubiri wanawake wa kisimani, kimya. Uji ukapoa. Loo, aliumia! "Leo wamenisusa," alijiambia. "Wamechoka na mjane." Mtu mzima, machozi yakamlenga, akajikaza kwa kusoma tasbihi.

Kumbe nje kulikuwa na mengine. Uweso alisalimia kama kawaida, hakujibiwa. Akasalimia tena. Mara ya tatu akaliegesha baiskeli lake ukutani akaita kwa sauti yote aliyojaliwa, na feni la ndani likammeza. Bi Fakhria asiitikie salamu? Mwanamke ambaye hata siku ya homa aliitikia! Uweso akashika kichwa: "Innalillahi!" Basi neno hilo tu likatosha. Wanaume wakakusanyika, lakini nani aingie kwa mwanamke aliye eda? Wanawake wakasukumana, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuona. Mmoja akampigia Tuhfa huku analia. Na mwingine, Mungu amsamehe kwa haraka zake, alikwisha agiza turubai.

Kristina alifika akakuta viti vinashushwa. Hakuuliza mtu. Alizunguka akaingia kwa mlango wa uani, akafika chumbani, akamkuta Bi Fakhria amekaa wima na tasbihi mkononi, amenuna.

"Bibi, u mzima?"

"Nitakosaje kuwa mzima? Nimesuswa tu."

Kristina akatazama maboksi yake, akatazama macho ya yule mama. Akazima feni, akapanda juu ya kiti, akang'oa kipande kimoja. Kelele za uchochoroni zikaingia: vilio, dua, na Uweso akisema kwa kwikwi, "Hakuwa na baya na mtu."

"Ebo!" Bi Fakhria aliruka. "Uweso! Mwongo wee! Jana tu nimekusema mbaazi zako!"

Nje mtaa ukalipuka. Walicheka, wakapiga vigelegele, Uweso akalia zaidi kuliko mwanzo. Bi Fakhria alicheka nao, halafu kicheko kikageuka, akalia kweli.

Tuhfa aliingia mbio, chaki bado mkononi. Kristina alimngoja akae, ndipo akauliza taratibu, "Bibi, wewe unataka matundu haya yazibwe?"

"Sitaki." Mara hii hakuona haya. "Sitaki, sitaki! Mtaniponya presha mniue kwa upweke."

"Mama, mbona hukusema?" Tuhfa alimkumbatia.

"Mngenipenda vipi tena, nikikataa?"

Kristina aliacha wamalize kulia. Kisha akafungua daftari ukurasa mpya. Chumba cha kati, alichokuwa akiwekea Bwana Ghadir magunia ya karafuu, kilikuwa kidogo, dari ya mbao ilikuwa nzuri bado, na ukuta wake ulipakana na uani. Mashine ndogo ya BTU elfu tisa ingekitosha, na mabomba mafupi. Bibi alale humo kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, na usiku. Asubuhi na jioni akae mbele na matundu yake. Jumla, milioni moja na laki sita.

"Huyo fundi ni mzima?" Yazid alishangaa kwenye simu. "Nimempa nafasi ya milioni nne!"

Kazi ilichukua siku moja. Bi Fakhria aliketi mlangoni akimtazama kutoka mwanzo hadi mwisho, asichoke. Kristina alipima usawa mara mbili, alipinda bomba la shaba bila kulivunja, na alipomaliza alifagia mwenyewe vumbi la ukuta. Wiki ile daktari alipima presha, akaikuta imeshuka, akapima tena kwenye mkono wa pili kwa kutoamini.

Siku ya malipo Kristina alisema ufundi wa mashine ndogo ni laki na themanini. Bi Fakhria akamwamuru Tuhfa ahesabu laki tatu na nusu.

"Hapana, Bibi. Mimi nalipwa kazi niliyofanya."

"Kupachika mashine ni laki na themanini, nimesikia," alisema Bi Fakhria, akamfumbatisha noti kwenye ile mikono mipana. "Na kunisikiliza je? Wanangu niliowazaa hawakuiweza hiyo kazi, mwanangu. Pokea."

Kristina alipiga goti, akapokea kwa mikono miwili.